Drafti Kwenye Laini ya Nyaishozi

Vijana wangu, juzi nyumbani kwa mwanangu hapa Kayanga kulikuwa na kelele. Mjukuu wangu Kokugonza alikuwa anacheza mpira kwenye ile mashine ya michezo inayounganishwa na televisheni. Baba yake alikuwa chumba cha pili, kwenye mkutano wa kazi kwa kompyuta, na kila bosi wake akifungua mdomo anaganda kama picha ya kitambulisho. Baba akatoka kwa hasira, akachomoa waya ukutani. Mtoto akalia, na mkutano nao ukakatika, maana waya alioung'oa ndio uliokuwa unawalisha wote wawili.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Wakaniuliza, "Bibi, unacheka nini? Kwani wewe intaneti unaijua?"

Intaneti siijui. Lakini watu wengi kugombania waya mmoja, huku mmoja wao akiushikilia kwa ajili ya mchezo, hiyo ilikuwa kazi yangu. Nililipwa mshahara kwa kazi hiyo, na pensheni ninayokula leo imetoka huko huko.

Nilikuwa opereta wa simu. Nilianza miaka michache baada ya vita vya Kagera, msichana kutoka Kihanga aliyemaliza shule na hajui simu inashikwaje. Mbele yangu kulikuwa na ubao mkubwa wenye matundu, na juu ya kila tundu kijibati kidogo. Mtu akizungusha mpini wa simu yake huko aliko, kijibati chake kinadondoka, kap! Mimi nachomeka kamba kwenye tundu lake na kusema, "Kayanga, nikusaidie?" Akishasema anamtaka nani, nachukua kamba ya pili, nachomeka kwa huyo anayetakiwa, nazungusha kengele. Hivyo tu. Ukiona kazi inaelezeka kwa maneno machache namna hiyo, ujue ugumu wake uko kwa watu.

Sasa laini ya Nyaishozi. Hii ilikuwa waya mmoja uliotoka ofisini kwetu ukapita juu ya migomba na mibuni, na simu zilikuwa zimeushika kama vidole kwenye chana ya ndizi: simu ya stoo ya kahawa, ya zahanati, ya shule, ya duka la Ma Anastella, na mwisho kabisa, mlimani, simu ya usharika wa Kilutheri. Wote waya mmoja. Ukimpigia mmoja, simu zote zinalia. Ndiyo maana kila moja ilikuwa na mlio wake. Stoo ni mlio mmoja mrefu, zahanati miwili mifupi, usharika mrefu na mfupi, na kadhalika. Wawili wakizungumza, wengine hawawezi kupiga, ila wanaweza kuinua na kusikiliza. Na walisikiliza, msidanganyike. Uchumba uliovunjika Nyaishozi asubuhi ulijulikana dukani kwa Ma Anastella kabla chai haijapoa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Ta Bernado, mzee mwenye sauti laini kama anabembeleza mtoto. Alikuwa hodari, lakini hata yeye aliteleza. Siku moja alimuunganisha mzee aliyetaka kuzungumza na mkwewe habari za mahari, akampeleka kwa mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kaisho. Wale wawili walielewana vizuri sana. Walizungumzia ng'ombe wangapi, wa rangi gani, waletwe lini. Mpaka mfanyabiashara alipouliza, "Na huyu ana meno yote?" Hapo ndipo mzee alipokasirika.

Ta Bernado alinifundisha kumtambua mteja kwa pumzi kabla hajasema. Alinifundisha kusikia waya. Ukiloa unakohoa, ukiguswa na tawi la mkaratusi unakwaruza, na mtu akisahau kurudisha mkono wa simu mahali pake, waya unakuwa mzito, kengele hazifiki, vijibati havidondoki. "Selina," aliniambia, "kijibati kisipodondoka usifurahi kwamba watu wametulia. Pita kila laini, uisikilize. Anayenyamaza huenda ndiye anayekuita."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Sikia yaliyotokea.

Mtunza stoo ya kahawa pale Nyaishozi aliitwa Ta Gaspari. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa kijana, akakulia Nyaishozi, akaoa hapo, akawa na kibanja chake cha migomba kisicho na jani kavu. Mkatoliki wa kweli. Rafiki yake mkubwa alikuwa Yohana, mwinjilisti wa Kilutheri wa kule mlimani. Kila Jumamosi kwa miaka mingi mwinjilisti alishuka kwa baiskeli, wakacheza drafti kwenye baraza ya stoo, kwa visoda vya bia na vya soda, wakigombana kwa furaha mpaka giza linakaribia.

Halafu mwinjilisti akaanguka na baiskeli kwenye ule mteremko. Mguu ukavunjika vibaya. Akawekwa plasta, akarudishwa nyumbani kwake kando ya kanisa, na mfupa ukakataa kuunga. Madaktari wakaanza kuzungumza habari ya kuukata.

Nilianza kuona dalili bila kujua ugonjwa. Laini ya Nyaishozi ikawa inashikwa mchana kutwa. Mwalimu mkuu akalalamika, dereva wa lori la kahawa akalalamika. Nikisikiliza, nasikia sauti ya Ta Gaspari: "Ishirini na mbili kwenda kumi na nane." Kimya. Kimya kirefu. Kuku wanalia. Mtu anakohoa. Kisha sauti nyingine, kutoka mlimani: "Kumi na tano, nakula."

Walikuwa wamechonga mbao mbili zinazofanana, kila mraba umeandikwa namba yake, na wanacheza drafti kwa simu.

Nikawaambia kwa adabu, "Wazee wangu, laini ni ya watu wengi." Wakaniomba radhi kwa adabu zaidi. Kesho yake wakaendelea.

Msimu wa kahawa ukafika, vibarua wakajaa mashambani. Alasiri moja nilikuwa nimekaa mbele ya ubao, pametulia. Laini ya Nyaishozi haikudondosha kijibati tangu nilipokula. Nikakumbuka maneno ya Ta Bernado, nikachomeka kamba nisikilize tu.

Nilichosikia kilinisimamisha. Kuku. Na juu ya kuku, mwanamke anapiga kelele: "Kituo! Kayanga! Jamani, kuna mtu?" Na mwanamume anapiga kelele juu yake: "Yohana! Yohana, weka simu chini!"

Nikasema, "Kayanga hapa."

"Mawe, mama yangu! Selina, asante Mungu!" Alikuwa Nesi Konsolata wa zahanati. "Nimezungusha mpaka mkono umeniuma. Nina mama hapa ameumwa na nyoka. Alikuwa anachuma kahawa, nyoka alikuwa kwenye matandazo chini ya mibuni. Mguu umevimba mpaka gotini. Nahitaji gari la hospitali sasa hivi!"

Nikachukua kamba nyingine, nikapiga hospitali, nikazungusha kengele kama mtu anayetwanga. Wakapokea. Nikamuunganisha nesi na daktari ili aambiwe la kufanya gari likiwa njiani: alaze mguu bila kuuchezesha, asikate, asifunge kwa kamba, amtulize mgonjwa. Gari likaenda, likamkuta yu hai. Yule mama aliitwa Speciosa, wazazi wake walitoka Burundi. Alilala hospitali muda mrefu, akatoka anachechemea, na msimu uliofuata alikuwa anachuma kahawa tena, safari hii na fimbo ndefu ya kupekulia matandazo kwanza.

Na simu ya mlimani? Mwinjilisti alikuwa ameuweka mkono wa simu kitandani ili afikirie kete yake. Dawa za maumivu zikamlaza. Simu wazi, mlango wazi, kuku wakaingia ndani. Waya mzima umezibwa na usingizi wa mtu mmoja.

Nesi Konsolata hakuwa mtu wa kunyamaza. Kesho yake alikuja Kayanga mwenyewe, akasimama mbele ya mkuu wa ofisi yetu. "Simu ya mlimani itolewe. Jana niliokoa mtu kwa bahati. Bahati haina zamu, mzee."

Mkuu akakubali. Akasema fundi atapanda kukata waya.

Siku hiyo hiyo, kabla hatujafunga, Ta Gaspari akaingia. Alikuwa amekuja juu ya lori, nguo zimejaa vumbi la kahawa, kofia mkononi. Akamwamkia mkuu, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa umri, akasema, "Nikate mimi."

"Nikukate wewe vipi?"

"Waya wangu. Kata wa stoo. Nitapanda lori kila siku nije kupiga simu za kahawa, na kete zangu, hapa Kayanga ikibidi. Wa Yohana uacheni."

"Ta Gaspari, aliyeacha simu wazi ni yeye."

"Ego, waitu, ndiyo ndugu yangu, ni yeye. Lakini mimi nina miguu miwili." Akainamisha kichwa. "Kabla ya mchezo huu alikuwa hali chakula. Alikuwa amegeukia ukuta. Binti yake alinitumia ujumbe kwamba baba anasema ukatwe mguu, akatwe na mwenye mguu, yote sawa. Sasa asubuhi anaamka anauliza ubao uko wapi. Miaka yote amenihubiria niache Ukatoliki, na mimi nimemwambia aache kupiga kelele. Hatukubaliani jambo lolote isipokuwa drafti. Mkimkata yeye, mmenikata na mimi niliye upande wa pili. Nani tena atampigia?"

Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Akasema fundi ana kazi nyingine kwanza, atapanda mlimani wiki ijayo. Nikaelewa kwamba ameacha mlango wazi kidogo, anangoja mtu autie bega.

Nikamwomba ruhusa, nikapanda pikipiki ya fundi hadi Nyaishozi. Nikaketi stoo, kati ya magunia, nikamtazama Ta Gaspari akicheza mchezo mmoja na rafiki yake kwa simu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikakumbuka jinsi Ta Bernado alivyokuwa akifunga macho akisikiliza. Nikafunga macho.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wazee wale hawakuwa wanazungumza! Namba mbili, halafu kimya. Namba mbili, kimya. Maneno yote ya mchezo mzima ungeyasema kabla maji hayajachemka. Kilichojaza laini ya Nyaishozi kilikuwa kufikiri. Wameishika simu sikioni wakifikiri, na watu wote wamezuiwa kwa kitu ambacho hakihitaji waya hata kidogo.

Nikamwambia, "Ta Gaspari, mtu akifikiri anahitaji simu?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama samaki anahitaji viatu. "Hapana."

"Basi sema namba zako, weka simu chini. Mwinjilisti afikirie simu ikiwa mahali pake. Akiwa tayari, anizungushie mimi, aniambie namba. Nitazishika. Laini ikiwa tupu, nakupa. Ikiwa na mtu, nangoja amalize."

"Na ukisahau?"

"Nimewahi kusahau?"

Akatabasamu. "Kasinge, asante, binti. Kasinge."

Kwa Nesi Konsolata nilikwenda kwa miguu, ni karibu. Nilimkuta anachemsha sindano. Alinisikiliza bila kugeuka. Mwisho akasema, "Nakubali kwa sharti moja. Nikiinua simu nikasema 'zahanati', anayezungumza anyamaze na kuweka chini. Awe ni mwalimu, awe ni askofu."

"Awe ni mkuu wangu wa kazi," nikasema.

"Huyo ndiye wa kwanza." Akacheka, nami nikajua tumepona.

Mkuu akatupa mwezi mmoja wa majaribio. Mpangilio ulikuwa huu: zahanati mbele ya wote. Kisha wenye neno fupi, kwa maana neno fupi halimcheleweshi mtu. Kisha biashara ya kahawa. Mwenye mazungumzo marefu asubiri mchana, watu wakiwa shambani. Na kete za drafti zipite kwenye mianya, kama maji yanavyopita kati ya mawe. Kila mtu apate, ila si kila mtu kwa pamoja.

Nyie mnaweza kufanya hivyo hivyo nyumbani. Mashine ya mchezo ikitaka kupakua mafaili yake makubwa, ipangie saa ambayo watu hawamo ndani. Mwenye mkutano apewe nafasi ya mbele. Na kabla hujaulaumu waya kwamba ni mwembamba, uliza kwanza nani kaushika na anaufanyia nini. Mara nyingi utakuta hata yeye hauhitaji kiasi hicho. Msing'oe waya ukutani. Kung'oa ni kazi ya mtu aliyechoka kufikiri.

Nirudi kwenye hadithi. Malalamiko yalikwisha, ila likazuka jambo ambalo sikulitegemea. Ma Anastella alitengeneza ubao wake, akauweka dukani juu ya gunia la chumvi. Kila namba zilipopita kwenye waya, aliinua simu, akasikia, akasogeza kisoda. Watu wakawa wananunua sukari na kukaa. Mwalimu mkuu naye, yule yule aliyelalamika, akawa na ubao ofisini. Siku moja napitisha kete kutoka mlimani, nasema, "Kumi na nane kwenda kumi na nne," mara sauti ikaingia katikati:

"Usimle huyo, Gaspari! Ni mtego!"

"Nani huyo?" nikauliza.

Ikajibu taratibu, "Zahanati."

"Nesi, una mgonjwa?"

"Sina," akasema Nesi Konsolata. "Lakini jamani, ni mtego, hata kipofu anaona."

Kutoka mlimani tulimsikia mwinjilisti akicheka. Kicheko kikubwa, cha tumboni. Ta Gaspari alisema baadaye kwamba hakuwa amekisikia tangu siku ya baiskeli.

Sijui mfupa unasikia nini. Daktari alisema ni chakula, maana mwinjilisti alikuwa ameanza kula. Ukaunga. Ukaunga ukiwa mfupi kidogo, lakini wa kwake mwenyewe. Plasta ikatolewa.

Baadaye, miaka ya tisini, wakaleta mtambo wa kujiunganisha wenyewe, mtu anapiga namba bila kuniuliza. Kamba zangu zikachukuliwa, nikahamishiwa kaunta. Watu walidhani nitasikitika. Nilifurahi; masikio yangu yalikuwa yamechoka. Wazee wale wawili wamekwisha kulala sasa, kila mmoja kwenye makaburi ya kanisa lake.

Lakini nataka mnione Jumamosi ile mwinjilisti aliposhuka mlimani kwa mara ya kwanza, amepakizwa nyuma ya baiskeli, fimbo mkononi. Ta Gaspari alikuwa ameniita. Nilikuwa nimeijua sauti ya mwinjilisti kwa muda wote ule, sura sijawahi kuiona. Nilitegemea mtu mrefu. Akateremka mzee mfupi, mwembamba, masikio makubwa.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

Akasimama pale pale. "Marahaba. Sema tena kidogo."

"Niseme nini, baba?"

"Ndiye huyu!" akapaza sauti. "Kayanga nikusaidie! Ndiye!" Akanishika mikono yote miwili.

Tukaketi barazani. Tukaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na ndizi zilizopikwa na maharage. Ma Anastella alifunga duka akaja. Nesi Konsolata alikuja na koti lake jeupe. Wazee wakaanza kupanga visoda, na kabla hata hawajamaliza wakaanza kugombana: katika michezo yote ya simu, nani alishinda mingi?

"Mimi," alisema Ta Gaspari.

"Unamdanganya Mungu," alisema mwinjilisti.

Ma Anastella akasema ubao wake ulivurugwa na paka. Mwalimu hakuwepo. Basi wote wakanigeukia.

"Selina anajua," alisema Ta Gaspari. "Kila kete ilipita mkononi mwake. Binti, mwambie huyu mtumishi wa Mungu."

Nilijua. Nilijua kila mchezo. Lakini nilitazama nyuso zile zilizonizunguka, na kila uso nilikuwa nimeusikia ukilia, ukikopa, ukitongoza, ukiuliza majibu ya vipimo vya hospitali. Leo nikisema nani alishinda drafti, kesho watajiuliza ninaweza kusema nini kingine.

"Waitu," nikasema, "mimi nilikuwa napitisha tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Ta Gaspari."

Wakaanza kunibembeleza wote kwa pamoja. Nesi Konsolata ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa amenitazama muda mrefu, bila kucheka.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni hivyo hivyo."

Ta Gaspari akakuna kidevu, akavikusanya visoda vyote, akavipanga upya kimoja kimoja. Kisha akaugeuza ubao, ule upande mzuri usio na ufa ukawa kwa rafiki yake.

"Haya," alisema. "Anza wewe, mwenye mguu mpya."

Na mwinjilisti akasogeza kete ya kwanza.